Mzaha Usiojibiwa: Maandishi ya Ukutani, Utani na Kifo cha Mwanafunzi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuitetea tashtiti. Tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba kejeli ni silaha ya mnyonge, kwamba anayechekwa aghalabu ni mkubwa aliyejitakia, na kwamba jamii isiyojua kujicheka imekwisha kuoza. Mafundisho hayo yana ukweli mwingi. Hata hivyo hayatusaidii tunapokutana na kicheko kilichoua.

Mnamo Februari 1990, mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kundi la siri la wanafunzi wenzake lililojulikana kwa jina la Mzee Punch. Silaha kuu ya kundi hilo ilikuwa maandishi, yaani makaratasi na vikatuni vilivyobandikwa ukutani ili wapitao wasome na kucheka. Chombo kilichotumiwa, basi, ni chombo chetu sisi tulio katika idara za fasihi: neno, picha, kinaya, dhihaka na hadhira. Ndiyo maana kifo hicho, ambacho kimejadiliwa sana na wanaharakati wa haki za wanawake na wataalamu wa sosholojia, ni suala la uhakiki pia.

Jina la marehemu limechapishwa mara nyingi, na waliolichapisha ili kumwomboleza walifanya haki. Makala haya hayatalitaja. Ukuta ulilitumia jina hilo bila ridhaa ya mwenyewe, nasi hatuna haja ya kulirudia ili hoja yetu isimame.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo lililotokea Mlimani, Dar es Salaam, lijadiliwe na watu wa huku mwambao wa Ziwa, Kisumu na Maseno. Sababu ni mbili. Kwanza, mateso wanayopewa wageni wa kundi kwa jina la kukaribishwa si mageni katika shule zetu za bweni, ambako mwanafunzi wa kidato cha kwanza huitwa mono na hutarajiwa kuvumilia. Pili, mwambao huu una sanaa zake za maneno ya ukali, na una hadithi yake ya msichana aliyetolewa na jamii nzima huku watu wakiimba. Vitu hivi vinatupa kipimo cha kuupimia mzaha wa ukutani. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba kosa la Punch halikuwa ukali wa maneno yake, bali muundo wake. Ulikuwa mzaha usioweza kujibiwa.

Mzee Punch kama fani

Ni vyema tuanze kwa kuitendea haki fani yenyewe. Maandishi ya ukutani katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki yalikuwa sauti ya watu wasio na gazeti. Itakumbukwa kwamba jarida la wanafunzi la Cheche, ambalo waandishi wake walijulikana kwa majina, lilipigwa marufuku katika chuo hichohicho mwaka 1970. Hatudai kwamba marufuku hiyo ndiyo iliyomzaa Mzee Punch. Tunachosema ni kwamba pale ambapo maandishi yenye saini yanafungiwa, maandishi yasiyo na saini hujipatia heshima ambayo pengine hayakustahili. Mwandishi wa makala haya naye amewahi kusimama mbele ya darasa akiyasifu maandishi ya ukutani kuwa ni fasihi pinzani. Hakuwauliza wanafunzi wake maandishi hayo yalikuwa yakimpinga nani.

Tukiichambua Punch kifani, tunaona sifa nne zinazotegemeana. Sifa ya kwanza ni kwamba mtunzi hana jina, ila ana cheo. Anajiita Mzee. Katika jamii zetu mzee ni mtu anayeketi mahali panapoonekana, anasikiliza pande mbili, na uso wake unajulikana na wote waliofika barazani. Mzee wa ukutani amechukua heshima ya cheo hicho bila kuchukua wajibu wake. Anahukumu bila kusikiliza, wala hakuna anayejua anakoketi.

Sifa ya pili ni kinyume cha ya kwanza: mlengwa ana jina, tena jina kamili. Tashtiti tunayoifundisha hufanya kazi kinyume na hivyo. Mtunzi wa riwaya au tamthilia hutia saini yake kwenye jalada, halafu akambunia jina yule anayemcheka. Kwa njia hiyo mtunzi hujitia hatarini, na mlengwa huachiwa nafasi ya kusema, “Huyo si mimi.” Punch iliyageuza mambo hayo mawili, hatari ikamhamia mlengwa na nafasi ya kukana ikamwendea mtunzi.

Sifa ya tatu inahusu hadhira. Msomaji wa kitabu anaweza kusoma chumbani mwake na kukitupa kitabu asipokipenda. Msomaji wa ukutani husoma akiwa amesimama pamoja na wenzake, na kila mmoja anamtazama mwenzake kuona kama anacheka. Asiyecheka hujiuliza kama kesho jina lake halitabandikwa. Kicheko hapo si maoni tena. Kinakuwa ada inayolipwa ili mtu abaki salama kundini.

Sifa ya nne ni adhabu inayofuata usomaji. Aliyekwisha kubandikwa alitengwa, na wenzake walitarajiwa kumwepuka. Maandishi hayakuishia ukutani. Yaliendelea kusomwa katika ukumbi wa chakula, katika maktaba na katika njia za kwendea madarasani. Wanawake, ambao wakati huo walikuwa wachache sana chuoni hapo, ndio walioandamwa zaidi, hasa waliowakataa wanaume waliowataka. Kwa hiyo Punch haikuwa kejeli ya mnyonge dhidi ya mkubwa. Ilikuwa kejeli ya wengi dhidi ya mmoja, nayo ilivaa vazi la mnyonge. Baada ya kifo cha mwaka 1990 ilipigwa marufuku, lakini marufuku ya utawala haijibu swali la uhakiki: ni kitu gani hasa kilichokuwa kimeharibika katika fani hiyo?

Utani, malumbano na pakruok

Watetezi wa mateso ya ukaribisho husema kwamba huo ni utani tu, na kwamba Mwafrika asiyejua kutaniwa amepotea. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu utani ni taasisi nzito katika jamii zetu.

Utani wa jadi, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, au ule wa babu na mjukuu unaopatikana karibu kila mahali, una masharti. Watani wanajuana. Neno likitoka upande huu, upande ule una haki ya kulirudisha, tena kwa ukali uleule. Zaidi ya hayo, mtani ana wajibu. Anayekutukana leo sokoni ndiye atakayekuja kesho kwenye msiba wako, ashike kazi zilizowashinda wafiwa na kuwachekesha waliokuwa wakilia. Ukali wa mtani unavumilika kwa kuwa umefungamana na kuzikana. Mzaha wa ukutani hauna wajibu wa kumzika mtu.

Tukielekea pwani, tunakuta kanuni hiyohiyo katika malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana maneno mazito katika karne ya 19, wakati miji yao ilipokuwa katika uhasama wa kweli. Lakini shairi lilijibiwa kwa shairi, kwa bahari ileile, na kila upande ulijua ni nani aliyesema. Kanuni za arudhi zenyewe zilikuwa aina ya haki, kwani mshindani alipewa vina na mizani alizohitaji ili ajibu. Hata anayeshindwa katika malumbano hushindwa akiwa mshairi.

Huku kwetu mwambao wa Ziwa tuna pakruok. Katika sherehe na matanga ya Waluo, penye mlio wa nyatiti au orutu, mtu husimamisha muziki, akatoa fedha, akajitaja na kujisifu: ni nani, ametoka wapi, ni rafiki wa nani, ana nini asichonacho mwingine. Mara nyingi sifa hizo huwa na mwiba ndani yake unaomchoma mtu aliyeketi upande wa pili. Naye aliyechomwa anaweza kuusimamisha muziki, akatoa fedha zake na kujibu. Mambo mawili yanatupasa kuyazingatia. Kwanza, msemaji huyagharimia maneno yake mbele ya watu. Pili, huanza kwa kujitaja yeye mwenyewe kabla ya kumgusa mwingine. Mzee Punch hakugharimia lolote, na jina pekee ambalo hakulitaja kamwe ni lake.

Kutokana na mifano hii mitatu tunaweza kusema kwamba fasihi simulizi zetu hazikuwa na haya mbele ya tusi. Zilikuwa na utaratibu wa kulilea. Utaratibu huo unaweza kufupishwa kwa maswali matatu: Nani anasema? Anayesemwa anaweza kujibu? Baada ya maneno, wanabaki na wajibu gani kati yao? Punch inashindwa katika yote matatu. Methali isemayo kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha haiukatazi mzaha. Inaonya kuhusu jipu ambalo limeachwa bila kutazamwa.

Hoja ya mila na historia ya bweni

Hoja ya pili ya watetezi ni ya mila. Husemwa kwamba mateso ya wageni shuleni na jeshini ni jando la kisasa, na kwamba mvulana asiyepitia uchungu hawezi kuwa mtu mzima. Hoja hii ina nguvu sana nchini Kenya, na hata wasiotoka katika jamii zenye jando huirudia.

Mwambao wa Kisumu unaisumbua hoja hiyo. Waluo hawakuwa na tohara kama alama ya utu uzima. Walikuwa na nak, yaani kung'olewa meno sita ya mbele ya chini. Nak ilikuwa na uchungu, hilo halina shaka. Lakini ilifanywa na mtaalamu aliyejulikana, kwa kusudi lililojulikana, na ilikwisha siku ilipofanywa. Hakuna aliyerudi usiku wa kesho kumng'oa mtu meno mengine kwa kuwa hakucheka vizuri. Hatusemi hivyo ili kuipamba mila. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika The River Between iliyotoka mwaka 1965, alituonyesha Muthoni akifa kutokana na jeraha la tohara aliyoitaka mwenyewe, na kifo chake kinaihukumu mila na kuihukumu misheni pia. Mila inaweza kuua. Tunachosema ni kwamba mateso ya bwenini hayana hata ule mpaka ambao mila zilijiwekea.

Chimbuko la mateso hayo litafutwe kwingine. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Carey Francis aliiongoza kuanzia mwaka 1928 hadi 1940, kisha akahamia Alliance, ambako alikaa hadi mwaka 1962. Shule za aina hii zilijengwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza: mabweni, viranja, na mkubwa kumtumikisha mdogo. Riwaya ya Thomas Hughes, Tom Brown's School Days, iliyotoka mwaka 1857, ilikwisha kuusimulia mfumo huo pamoja na ukatili wake. Ndani yake mvulana mdogo anachomwa mbele ya moto na wakubwa wake, lakini riwaya inasonga mbele na kumfanya muungwana. Usomaji wa riwaya hiyo unatuonyesha jinsi uchungu unavyohesabiwa kuwa ada ya shule.

Ni jambo la kuvutia kwamba mwaka uleule wa 1906, Robert Musil alichapisha riwaya yake kuhusu mwanafunzi Törless katika shule ya kijeshi ya Austria. Humo mvulana mmoja anateswa na wenzake, huku mhusika mkuu akitazama na kutafakari bila kuzuia. Mwaka 1963 Mario Vargas Llosa wa Peru alitoa riwaya kuhusu chuo cha kijeshi cha Leoncio Prado mjini Lima, ambako wanafunzi wapya huitwa mbwa, na ambako mmoja wao, aliyepewa jina la Mtumwa, anauawa katika mazoezi na wakubwa wa jeshi wanaamua kuiita ajali. Tukizisoma riwaya hizi tatu kwa pamoja, tunaona swali likibadilika. Hughes anauliza jinsi mvulana anavyokomaa. Musil anauliza jinsi mtazamaji anavyoishi na dhamiri yake. Vargas Llosa anauliza jinsi taasisi inavyoandika upya kifo. Hilo la tatu ndilo linalotukabili sisi.

Maana mateso hayo hayakwisha pamoja na ukoloni. Mnamo Mei 1999, viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri walichomwa moto usiku wakiwa wamefungiwa chumbani mwao na wanafunzi wenzao. Mwaka 2017, kuteswa kwa wanafunzi wadogo na viranja wa Alliance kulifichuliwa hadharani, na mwalimu mkuu wa shule hiyo akaondoka kazini kabla ya wakati wake. Matukio hayo mawili hayafanani, kwani katika moja kiranja ndiye aliyeuawa na katika jingine ndiye mtesaji. Lakini yote mawili yanatoka katika mfumo uliompa kijana mmoja mamlaka juu ya mwili wa mwenzake. Wala si Kenya peke yake. Novemba 2011, mmoja wa viongozi wa bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, Marekani, alifariki baada ya kupigwa na wanabendi wenzake ndani ya basi. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini haiwezi kumfundisha kijana kutofautisha mzaha na mateso, na hiyo ndiyo kazi yetu.

Ziwa la Grace Ogot

Hebu sasa turudi mwambaoni. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na ambaye asili yake ni Asembo, aliisimulia hadithi ya msichana Oganda, binti wa chifu Labong'o, anayetakiwa kutolewa kwa mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe. Hadithi hiyo ilijulikana baadaye kwa jina la “The Rain Came” na ikaingizwa katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka 1968. Mara nyingi imefundishwa kama hadithi ya mgongano wa mapenzi na wajibu. Tunapendekeza isomwe pia kama hadithi ya kundi.

Tuangalie ni nani anayemwua Oganda, kama angekufa. Mganga amesema tu. Chifu ameridhia tu, tena kwa machozi. Watu wa kijiji wamefurahi, wamecheza, wamempa msichana zawadi na kumsindikiza. Hakuna mkono hata mmoja unaomgusa. Anatembea mwenyewe hadi ziwani. Kitendo kimegawanywa vipande vidogo vidogo, na kila mtu amechukua kipande ambacho dhamiri yake inaweza kukibeba. Huo ndio muundo wa ukuta. Mmoja aliandika, mwingine akabandika, wengine wakasoma, wengi wakacheka, na waliobaki wakageuza nyuso. Baadaye kila mmoja aliweza kusema kwa haki kwamba yeye hakuua.

Ogot, hata hivyo, hakuiacha hadithi hapo. Osinda, kijana anayempenda Oganda, anamfuata njiani, anamfunika kwa vazi la majani na kumtorosha. Kisha mvua inanyesha. Wahakiki wengine wameona mwisho huo kuwa mwepesi mno. Sisi tunauona kuwa ndio hoja yenyewe ya hadithi. Mvua inanyesha ingawa hakuna aliyekufa. Kijiji kizima kilikuwa kimeamini kwamba bila damu hakuna mvua, na mtu mmoja aliyekataa kuimba alithibitisha kwamba imani hiyo haikuwa na msingi. Vivyo hivyo tunaambiwa kwamba bila mateso hakuna mshikamano, hakuna ukakamavu, hakuna udugu wa shule. Je, ni nani aliyewahi kulijaribu jambo hilo kwa kukataa?

Mwandishi wa makala haya hakukataa. Alipokuwa mono katika shule moja ya bweni ya mwambao huu, aliamriwa kuizima taa ya umeme kwa pumzi, kama walivyoamriwa wengine wengi, na jambo hilo lilimchekesha hata yeye. Usiku mwingine mvulana mwenziwe alisimamishwa juu ya sanduku la bati, akalazimishwa kuimba jina la mama yake pamoja na matusi aliyopewa. Mvulana huyo hakuwa na la kujibu, kwa kuwa kujibu kungeongeza adhabu. Bweni lote lilicheka, na mwandishi alicheka pamoja nao. Mvulana yule alihama shule kabla ya muhula kwisha. Hakufa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuulizwa lolote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maandishi ya Mzee Punch, pamoja na ndugu zake wa bwenini, hayawezi kuhesabiwa kuwa warithi wa utani, wa malumbano wala wa pakruok, na kwamba hayana haki ya kujificha nyuma ya mila. Ni fani iliyochukua kicheko cha sanaa hizo na kuyatupa masharti yake. Tumeonyesha pia kwamba nguvu ya kuua ya fani hiyo haikukaa kwa mtunzi peke yake. Iligawanywa kwa hadhira.

Ikiwa ndivyo, basi ufundishaji wa tashtiti katika idara zetu unahitaji kurekebishwa. Haitoshi kumwuliza mwanafunzi, “Je, kejeli hii inachekesha? Imetumia tamathali gani?” Tumwulize pia nani ametia saini, kama anayechekwa ana nafasi ya kujibu, na kama anayecheka yuko tayari kufika msibani. Maswali hayo ni ya fani kama yalivyo ya maadili, na hayajapitwa na wakati. Ukuta wa Mlimani ulikwisha kusafishwa, lakini leo kila mwanafunzi anao ukuta wake mfukoni, ndani ya simu, na jina la mtu hubandikwa humo kabla ya chakula cha jioni.

Oganda aliokolewa na mtu mmoja aliyetoka katika kundi la waimbaji na kumfuata njiani. Kwa mwanafunzi wa mwaka 1990 hakutokea mtu kama huyo kwa wakati. Tunaofundisha kusoma tuna wajibu wa kuona kwamba safari nyingine, mbele ya ukuta mwingine, msomaji mmoja angalau atajua kwa nini hapaswi kucheka.